Mifupa Iliyokaa Ndani

Historia ya vitamini D imezoeleka kusimuliwa kama historia ya maabara: mbwa wa Edward Mellanby mjini London, panya wa Elmer McCollum kule Baltimore, taa za Harry Steenbock katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, kisha Tuzo ya Nobel ya kemia aliyotunukiwa Adolf Windaus mwaka 1928. Masimulizi hayo ni ya kweli, ila yanawaacha nje watu ambao miili yao ndiyo iliyotoa ushahidi. Wengi wao walikuwa wanawake, na kilichowaunganisha, kutoka Glasgow hadi Kashmir na kutoka Vienna hadi Lyon, ni kwamba waliishi ndani: katika vyumba vya mitaa iliyofunikwa na moshi, katika nyumba za utawa, katika makao ya wazee. Siku hizi mwanamke aliyekoma hedhi akiambiwa kwamba vitamini D yake iko chini, hupewa namba na kopo la vidonge. Hoja yangu ni kwamba namba hiyo haisomeki sawasawa mpaka ujue historia ya kuta hizo. Bila historia hiyo ni vigumu kueleza kwa nini kidonge kilichopunguza sana mivunjiko ya nyonga kwa wanawake wa Ufaransa kilionekana hafifu kilipojaribiwa Marekani.

Kwanza mwili wenyewe. Vitamini D nyingi hatuili, tunaitengeneza. Miali ya urujuanimno ya jua ikigonga ngozi iliyo wazi hugeuza aina fulani ya mafuta yaliyomo humo kuwa vitamini. Ini huibadilisha mara ya kwanza, figo mara ya pili, na hapo ndipo inapopata nguvu ya kuufanya utumbo ufyonze kalsiamu kutoka kwenye chakula. Miali inayofanya kazi hiyo haipiti kwenye kioo cha kawaida, kwa hiyo bibi anayeota jua nyuma ya dirisha lililofungwa hupata joto bila vitamini. Vitamini ikipungua, tezi nne ndogo zilizo nyuma ya tezi ya shingo hutoa homoni inayokwenda kuchota kalsiamu mifupani ili damu isikose. Kwa mwanamke wa miaka 50 hivi jambo jingine huongezeka juu ya hilo. Estrojeni hushuka, chembe zinazobomoa mfupa zikawa na kasi kuliko zile zinazoujenga, na hasara kubwa hutokea katika miaka ya mwanzo baada ya hedhi kukoma. Kadiri anavyozeeka, ngozi nayo huchoka: ya mtu aliyekaribia miaka 80 hutengeneza chini ya nusu ya kile inachotengeneza ya kijana chini ya mwanga uleule. Mwanamke mzee, basi, anahitaji jua zaidi katika umri uleule ambao hutoka nje kwa nadra zaidi.

Dalili za kwanza za ukosefu huu zilionekana kwa watoto. Francis Glisson aliandika kitabu kizima kuhusu ugonjwa wa matege mwaka 1650, na kadiri viwanda vilivyoenea Ulaya ya kaskazini ndivyo miguu ya watoto ilivyozidi kupinda. Mwaka 1822 daktari wa Poland, Jędrzej Śniadecki, alisema waziwazi kwamba watoto wa mjini Warsaw wanaugua kwa sababu wanakosa jua linalowapata watoto wa vijijini. Hakusikilizwa. Mwaka 1889 chama cha madaktari wa Uingereza kilichapisha ramani ya matege, na ramani hiyo ikafuata miji ya viwanda na migodi ya makaa. Mwaka uliofuata Theobald Palm, mmisionari aliyewahi kutibu wagonjwa Japani na kushangaa kutoona matege huko, alikusanya barua za madaktari wenzake waliokuwa sehemu mbalimbali za Asia. Aligundua kwamba maskini wa nchi zenye jua, wenye chakula duni kuliko cha maskini wa Uingereza, hawakuwa na ugonjwa huo. Naiona hoja ya Palm kuwa mojawapo ya hoja nzuri kabisa katika tiba ya karne ya 19, kwa kuwa ilitenganisha umaskini wa sahani na umaskini wa mwanga, mambo ambayo mjini hutembea pamoja na kwa hiyo huchanganywa.

Ubishi ulipamba moto Glasgow. Leonard Findlay alidai mwaka 1908 kwamba chanzo ni kufungiwa ndani. Mellanby, kuanzia 1919, akaonyesha kwamba mbwa wanaolishwa uji wa shayiri na kukosa mafuta fulani hupata matege, na kwamba mafuta ya ini la samaki huwakinga. Katikati yao alikuwepo Margaret Ferguson, ambaye ripoti yake ya mwaka 1918 iliingia majumbani mwa watu wa Glasgow na kupima ukubwa wa vyumba, idadi ya waliolala humo na chakula kilicholiwa. Alikuta kwamba kilichotofautisha familia zenye matege na zisizo nayo kilikuwa zaidi makazi na nafasi ya mtoto kutoka nje kuliko kilichopikwa. Mwaka huohuo wa 1919, mjini Berlin, Kurt Huldschinsky aliwamulika watoto kwa taa ya zebaki. Alipomulika mkono mmoja tu, mifupa ya mkono wa pili ilipona pia, ishara kwamba ngozi inatengeneza kitu kinachosafiri kwenye damu. Mafuta na mwanga vilikuwa njia mbili za kufikia dawa moja, na kila upande ulikuwa umeshika nusu ya ukweli.

Lakini matege hayakuishia utotoni. Msichana aliyeugua hukua na nyonga iliyobanwa, na akishika mimba mtoto hapati njia ya kupita. Mwaka 1888 Murdoch Cameron alimfanyia upasuaji wa uzazi katika hospitali ya wajawazito ya Glasgow mama aliyekuwa amedumaa kwa matege, na upasuaji huo ukawa hatua kubwa katika historia ya uzazi kwa sababu mama na mtoto walinusurika. Kipimo cha kweli cha nyumba zile za giza kilikuwa ndani ya nyonga za wanawake.

Ushahidi unaotugusa zaidi hapa ulipatikana Vienna, nao hutajwa mara chache mno. Baada ya vita kuu ya kwanza mji ule ulikuwa na njaa. Maziwa, siagi na nyama vilikuwa vimeadimika, na madaktari wakaanza kupokea wagonjwa wenye maumivu makali ya mgongo na nyonga, wanaotembea kwa kuyumba kama bata, wengi wao wakiwa wanawake wa makamo na wazee. Mifupa yao ilikuwa imelainika. Timu ya watafiti kutoka Uingereza iliyoongozwa na Harriette Chick ilikuwa tayari pale ikiwatunza watoto wachanga katika kliniki ya Clemens von Pirquet. Kwa watoto walionyesha kwamba mafuta ya ini la samaki yanazuia matege wakati wa baridi, na kwamba jua la kiangazi linafanya kazi hiyohiyo. Kisha Elsie Dalyell akishirikiana na Chick, na Margaret Hume naye kwa upande wake, wakawageukia wagonjwa wale wazima. Wengine walipewa mafuta ya ini la samaki, wengine mafuta ya mimea. Wa mafuta ya samaki walipona vizuri zaidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1921, kabla hata McCollum hajaipa vitamini hii herufi yake ya D mwaka 1922. Kwa maneno mengine, kabla kitu hicho hakijawa na jina, ilikwisha kujulikana kwamba mwanamke mtu mzima aliyenyimwa mafuta mezani na jua mwilini hulainika mifupa, na kwamba ukimrudishia alichonyimwa hupona.

Wakati huohuo Kathleen Vaughan, daktari Mwingereza aliyefanya kazi Kashmir, aliona jambo hilo upande wa pili wa dunia. Wanawake wa tabaka la juu mjini Srinagar waliotawishwa tangu kubalehe walifika hospitalini na mifupa laini na nyonga zilizobanwa, wakifa au kuteseka katika uzazi. Wanawake wa mashua, wanaoishi kwenye maji ya mji uleule na kupiga makasia mchana kutwa, walijifungua salama. Kaskazini mwa China, katika jimbo la Shanxi, J. Preston Maxwell alikusanya kumbukumbu za akina mama walioumwa vivyo hivyo, wakiwa wamekaa ndani majira marefu ya baridi kwa chakula cha nafaka kisicho na maziwa.

Hapa ndipo mtu atakaposema kwamba basi tatizo ni dini, au vazi. Ushahidi haukubali. Wanawake wa mashua wa Kashmir walikuwa Waislamu kama majirani zao waliotawa. Wanawake wa Shanxi hawakuvaa stara yoyote. Wa Glasgow na Vienna wengi wao walikuwa Wakristo. Hata utawa wenyewe hauna sura moja. Nyumba za mawe za Lamu na Unguja zilijengwa kuzunguka ua ulio wazi juu, mahali ambapo mwanamke angeweza kufanya kazi zake juani bila kuonekana na mpita njia. Kutawa kwenye ua wa namna hiyo na kutawa kwenye chumba chenye giza ni mambo mawili tofauti kabisa kwa mfupa. Kinachohesabika ni saa ambazo ngozi ilikutana na mbingu.

Somo hili lilisahaulika kwa zaidi ya miaka 20, na mtu aliyelifanya lisahaulike alikuwa na sababu nzuri. Fuller Albright wa Boston alichapisha mwaka 1941, pamoja na wenzake wawili, uchunguzi wa wagonjwa 42 walio chini ya miaka 65 wenye mifupa tete isiyo na chanzo kinachojulikana. Wagonjwa 40 kati yao walikuwa wanawake waliokoma hedhi. Albright alitofautisha kwa ufasaha hali mbili: mfupa laini, ambao una umbo lake ila umekosa madini, na mfupa tete, ambao madini yake ni ya kawaida ila wenyewe umebaki kidogo. Wa pili, alisema, unatokana na kukosa estrojeni. Alikuwa sahihi, na homoni hiyo kweli huzuia mifupa isipungue. Lakini tofauti iliyokuwa safi darasani iligeuka ukuta kliniki. Madaktari walianza kudhani kwamba ukosefu wa vitamini D ni mambo ya watoto na ya Mashariki, na kwamba bibi wa Ulaya aliyevunjika nyonga ana tatizo la homoni na umri, basi.

Edinburgh na Leeds ndizo zilizotoboa dhana hiyo. Mwaka 1967 John Chalmers na wenzake walieleza kwamba mifupa laini ni ugonjwa wa kawaida kwa wanawake wazee wa Scotland, na mwaka 1974 Jean Aaron na wenzake wa Leeds walichukua vipande vya mifupa ya watu waliovunjika nyonga wakaviweka chini ya hadubini. Kati ya asilimia 20 na 30 ya wanawake walikuwa na dalili za mfupa laini, na dalili hizo zilifuata misimu, zikiongezeka baada ya miezi ya giza. Bibi mmoja angeweza kuwa na magonjwa yote mawili ya Albright ndani ya mfupa mmoja. Kabla ya hapo, mwaka 1962, Matthew Dunnigan na wenzake walikuwa wamekwisha kuripoti matege na mifupa laini kwa wahamiaji kutoka Pakistani waliokaa Glasgow, mji uleule wa Findlay na Ferguson. Baada ya mwaka 1972 jamii za Waasia wa Uingereza ziliongezeka kwa maelfu waliofukuzwa Uganda na Idi Amin, watu waliotoka kwenye jua la ikweta wakaingia kwenye nyumba za ukungu. Ngozi nyeusi au ya maji ya kunde huhitaji muda mrefu zaidi juani kutengeneza vitamini ileile. Kampala muda huo haukuwa shida kuupata. Leicester ulikuwa shida.

Halafu likaja jaribio la Lyon. Marie Chapuy na Pierre Meunier waliwachukua wanawake 3,270 waliokuwa wakiishi katika makao ya wazee, wastani wa umri miaka 84, wote wakiweza kutembea. Nusu walipewa kila siku kalsiamu gramu 1.2 na vitamini D yuniti 800. Nusu walipewa vidonge visivyo na dawa. Kabla ya jaribio, chakula chao kiliwapa kalsiamu ya miligramu 500 hivi kwa siku. Katika miezi 18 mivunjiko ya nyonga ilipungua kwa asilimia 43 kwa waliotumia dawa hadi mwisho. Matokeo yalichapishwa mwaka 1992, na kutoka hapo vidonge vikaenea duniani. Miaka 14 baadaye ikatoka ripoti ya Marekani: wanawake 36,282 waliokoma hedhi, wa miaka 50 hadi 79, waliofuatiliwa kwa miaka 7, wakipewa kalsiamu miligramu 1,000 na vitamini D yuniti 400. Mivunjiko ya nyonga ilipungua kwa asilimia 12, tofauti ndogo kiasi cha kuweza kuwa bahati tu, na mawe ya figo yakaongezeka kwa asilimia 17.

Wengi walitangaza kwamba Marekani imeikanusha Ufaransa. Sikubaliani nao. Wanawake wa Marekani walikuwa wadogo kwa miaka 20 hivi, walikuwa wakiendesha maisha yao wenyewe, walikwisha kupata kalsiamu zaidi ya miligramu 1,000 kwa siku kabla hawajaongezewa, na waliruhusiwa kuendelea na vidonge vyao vya nyumbani. Walikuwa wanawake wa mashua. Wa Lyon walikuwa wanawake waliotawishwa na uzee. Ni kweli kwamba dozi nazo zilitofautiana, na wapo wanaodai kwamba yuniti 400 zilikuwa chache mno. Jibu la hoja hiyo lilikuja mwaka 2022, pale jaribio jingine la Marekani lenye watu 25,871, wanawake na wanaume, lilipotumia yuniti 2,000 kwa siku na bado halikupunguza mivunjiko. Dozi ilipanda mara tano. Waliopewa waliendelea kuwa watu wasiopungukiwa.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba Lyon ilitoa kalsiamu na vitamini kwa pamoja, kwa hiyo huwezi kujua kipi kiliponya. Nalikubali, na nadhani linaimarisha hoja badala ya kuivunja. Mtu anayeishi ndani hukosa vyote viwili: jua halimfiki, na chakula chake huchaguliwa na mwingine, kwa bajeti ya mwingine. Wapo pia wanaosema kwamba vitamini D kuwa chini ni matokeo ya ugonjwa, kwa maana mgonjwa hatoki nje. Hilo nalo ni kweli mara nyingi. Namba ndogo kwenye damu inaweza kuwa taarifa kuhusu mlango ambao haufunguliwi, na dawa ya mlango huo huenda ikawa fimbo ya kutembelea, au miwani, au mtu wa kumshika mkono mpaka barazani.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kuuliza haya yanamhusu nini chini ya jua letu. Mwaka 2012 watafiti wa Uholanzi wakiongozwa na Martine Luxwolda walichapisha vipimo vya vitamini D katika damu ya Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania wanaoishi kwa desturi zao, na wastani ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, zaidi ya mara mbili ya kile ambacho vitabu vingi huhesabu kuwa kinatosha. Tangu hapo namba hiyo imetumiwa na wauzaji wa vidonge kama kiwango ambacho kila mtu anapaswa kukifikia. Wanaosema hivyo waitazame Gambia. Kundi la Ann Prentice lilifuatilia wanawake wa vijijini kule Keneba, wenye jua tele na kalsiamu ndogo sana mezani, na kukuta kwamba baada ya hedhi kukoma mifupa yao ilipungua madini na ilikuwa myepesi kuliko ya wanawake wa Uingereza, lakini kuvunjika kulikuwa kwa nadra. Hapo utajua kwamba mfupa wa mwanamke mzee hauamuliwi na kipimo kimoja cha damu. Kuna misuli iliyozoea kubeba na kulima, kuna kuanguka au kutoanguka, kuna miaka mwenyewe aliyojaliwa kuishi. Na upande wa pili, katika Saudi Arabia na nchi jirani za Ghuba, ambako jua ni kali, tafiti tangu miaka ya 1980 zimekuta viwango vya chini sana kwa wanawake wa mijini. Jua la nchi ni jambo moja, jua la ngozi ni jingine.

Kuongeza tu bila kuuliza kuna madhara yake, na hayo pia yamo kwenye historia. Uingereza baada ya vita ya pili iliweka vitamini D katika maziwa ya unga na vyakula vya watoto kwa wingi mno, na miaka ya 1950 watoto kadhaa wakaugua kwa kalsiamu kuzidi kwenye damu, hadi viwango vikapunguzwa. Australia mwaka 2010 ilitangaza matokeo ya jaribio la wanawake 2,256 wa miaka 70 na zaidi waliopewa yuniti 500,000 kwa mkupuo mmoja kila mwaka, au vidonge visivyo na dawa. Waliopata dozi hiyo walianguka zaidi na kuvunjika zaidi. Mwaka 2011 taasisi mbili kubwa za Marekani zilitofautiana hadharani, moja ikisema nanomoli 50 zinatosha na nyingine ikitaka 75, na mamilioni ya wanawake wakajikuta wagonjwa au wazima kulingana na taasisi ambayo daktari wao aliifuata. Mwaka 2024 ile iliyotaka 75 iliacha kuitetea namba hiyo, ikashauri watu wazima wasio na sababu maalumu wasipimwe ovyo, na ikabakisha pendekezo la vidonge kwa makundi machache, wakiwemo wenye miaka 75 na zaidi. Nauona uamuzi huo kuwa wa busara, ila umri nao ni makadirio tu ya kile tunachotaka kujua. Bibi wa miaka 78 anayelima viazi Njombe na bibi wa miaka 62 aliyepooza mguu, anayekaa ghorofa ya nne isiyo na lifti Kariakoo, wakipangwa kwa umri watawekwa kinyume. Ferguson alilijua hilo mwaka 1918. Ndiyo maana alikwenda nyumbani kwa watu na kupima vyumba.